Probu Shingoni, Mikono Kifuani

Moyo wa mgonjwa unaposimama, kidole ni kipimo kibovu cha mapigo, na ultrasaundi shingoni inaweza kukisaidia. Tuliseme hilo mwanzoni kabisa, maana wodi nyingi bado zinakiamini kidole kuliko kitu kingine chochote. Mwaka 1996, huko Mainz, Ujerumani, wahudumu 206 wa huduma ya kwanza walipewa shingo za wagonjwa wa upasuaji waliounganishwa na mashine ya moyo na mapafu. Baadhi yao damu ilikuwa inazunguka bila mapigo. Waliotoa jibu sahihi ndani ya sekunde 10 hawakufika hata mmoja kati ya sita. Ndiyo maana tangu mwaka 2000 miongozo ya Marekani haimtaki raia wa kawaida apapase shingo: mtu hana fahamu, hapumui sawasawa, anza kukandamiza kifua. Sisi wahudumu tuliachiwa zile sekunde 10, na tunazitumia vibaya.

Sababu zinajulikana. Aliyekandamiza kifua kwa dakika mbili moyo wake mwenyewe unakwenda mbio, na ncha za vidole vyake zinadunda nao. Akizigusisha shingoni anasikia mapigo yake na kudhani ni ya mgonjwa. Kuna shingo nene, kuna glavu mbili, kuna ngozi iliyopoa. Zaidi ya yote kuna mama aliyemwaga damu baada ya kujifungua: moyo wake unajikunja kweli, lakini wimbi linalofika shingoni halina nguvu ya kuinua kidole. Huyo huandikwa hana mapigo wakati moyo wake haujakata tamaa.

Ultrasaundi ya mkononi inaona asichosikia huyo mwenye kidole. Utafiti wa Marekani uliotoka mwaka 2022 ulilinganisha kidole na Dopla ya ateri ya kinena, huku wagonjwa wakiwa na mpira ndani ya ateri unaoonyesha shinikizo halisi la damu. Katika kutambua kama mapigo yapo, Dopla ilipatia takriban mara 95 kati ya 100. Kidole kilipatia 54. Ukirusha sarafu unafika karibu hapohapo.

Msidhani haya ni mambo ya Mulago, ile hospitali kuu ya rufaa ya Kampala, Uganda, peke yake. Vituo vingi vya afya vya ngazi ya IV vina mashine ya ultrasaundi kwa ajili ya wajawazito, na wakunga wanaoitumia kila siku. Kule Nyakibale, Rukungiri, Hospitali ya Karoli Lwanga ilianza kuwafundisha wahudumu wasio madaktari tiba ya dharura mwaka 2009, ultrasaundi ikiwemo. Mengo, Kampala, kuna chuo cha Ernest Cook kinachofundisha fani hiyo. Mkunga anayeweza kuonyesha moyo wa kijusi wa majuma manane hatashindwa na ateri ya shingo, ambayo unene wake unakaribia wa penseli na iko sentimita mbili tu chini ya ngozi. Kwa maoni yetu, katika vituo vingi mkono unaofaa kushika probu, kile kichwa cha mashine kinachogusishwa mwilini, ni wa mkunga, hata kama daktari yupo. Daktari aongoze.

Sasa hatari yake. Ukikandamiza kifua, shinikizo linaloipeleka damu kwenye misuli ya moyo hupanda polepole, mkandamizo kwa mkandamizo. Ukiacha, huanguka kwa sekunde chache, na ukirudi unaanza kulijenga upya. Kwa hiyo kila kusimama kuna gharama, na ultrasaundi inapenda kusimamisha watu. Mwaka 2017 watafiti wa Maryland, Marekani, walipitia video za chumba cha dharura wakakuta kwamba bila ultrasaundi ukaguzi wa mapigo ulichukua wastani wa sekunde 13, na kwa ultrasaundi ulichukua 21. Ruhusa ni 10. Mashine iliyokuja kumsaidia mgonjwa ilimnyima damu sekunde nane zaidi, kila baada ya dakika mbili.

Kosa halikuwa la mashine. Walisimama kwanza, ndipo wakaanza kutafuta jeli, kuweka probu, kurekebisha kina, kuinamia kioo na kubishana. Mambo hayo yote yanawezekana mikono ikiwa bado kifuani. Hapo ndipo shingo inapoushinda moyo: huwezi kuweka probu chini ya kidari bila kubanana na anayekandamiza, lakini shingo iko wazi, na picha unaipata kabla ya kusimama.

Mpangilio wenyewe ni huu. Anayekandamiza yuko upande mmoja. Mwenye ambu, ule mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa, yuko kichwani. Mwenye probu anasimama upande wa pili, usawa wa bega, na kioo kiko mbele yake, hakiko mkononi mwake. Kama kioo ni simu au tableti, kifunge kwa plasta kwenye nguzo ya dripu au kwenye ukingo wa kitanda. Weka simu hiyo katika hali ya ndegeni: simu ikiingia katikati ya sekunde tano unazozihitaji, picha inafunikwa na jina la mpigaji. Ukaaji wa kioo usipuuzwe, kwa sababu mtu akigeuza shingo kutazama, mkono wake nao unageuka, na ateri inapotea.

Chagua probu bapa, ile ya mishipa, ya megahezi 7 hadi 12 hivi. Kina kiwe sentimita 3 au 4. Kama kituo kina probu ya tumbo pekee, ile yenye uso uliopinda, usiiache. Punguza kina hadi mwisho wake na upandishe megahezi hadi mwisho wake. Ateri itaonekana kwa ukungu, lakini itaonekana. Kinachowaponza wengi ni kuacha mpangilio wa wajawazito: kina cha sentimita 15 huifanya ateri iwe kitone juu kabisa ya kioo, na ule ulainishaji wa picha hufuta mtikisiko mdogo unaoutafuta.

Paka jeli kwenye probu, siyo shingoni. Iweke kwa upana, usawa wa kikoromeo, kisha itelezeshe pembeni kidogo. Ukiwa njia sahihi utaona upinde mweupe wenye kivuli chini yake, ndio koo la hewa. Pembeni mwake kuna duara jeusi lenye ukingo mweupe uliokaza: ateri ya karotidi. Nje zaidi na juu zaidi iko vena ya shingo. Egemeza kidole chako kidogo kwenye mtulinga wa mgonjwa. Bila egemeo, mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika itakurusha nje ya picha.

Hapa usitofautishe mishipa kwa mchezo wake. Wakati wa kukandamiza mishipa yote miwili inaruka, na vena mara nyingi huruka zaidi. Tena moyo uliosimama huacha damu ijae upande wa vena, hivyo ile vena tuliyozoea kuiona imelala bapa inaweza kuwa duara kubwa kuliko ateri. Tofautisha kwa mahali: iliyo karibu na koo la hewa, yenye ukuta mnene, ndiyo ateri. Ukishaiona, iweke katikati ya kioo na usisogee tena.

Mtunza saa anaita sekunde 15 kabla ya dakika mbili kutimia:

"Sista, zimebaki kumi na tano. Ateri unayo?"

"Ninayo, Daktari. Iko katikati."

"Ndugu wa ambu, usibane. Mikono juu. Moja, mbili, tatu..."

"Nimerekodi."

"Kifuani!"

Mikono ya anayefuata inaning'inia juu ya kifua wakati wote huo, na neno "kifuani" halisubiri jibu la sista. Hili ndilo tunalolisisitiza kuliko yote: picha inarekodiwa mikono ikiwa juu, inasomwa mikono ikiwa kazini. Weka mashine irekodi video ya sekunde sita. Mkirudi kukandamiza, mwenye probu na kiongozi wanaitazama tena kwa utulivu, mara mbili hata tatu, bila mgonjwa kulipia. Kama jibu ni kwamba mapigo yapo, kuchelewa kulijua kwa sekunde 15 hakumdhuru. Moyo uliosimama kuachwa bila mikono kwa sekunde 15 kunamdhuru.

Hesabu iwe kwa sauti, na kwa lugha ambayo chumba kizima kinaifuata. Timu yenye Muganda, Mnyankole na Mwacholi ikubaliane kabla ya zamu. Moja, mbili, tatu ya Kiswahili inatosha. Msihesabu kwa kubahatisha, maana kwenye taharuki sekunde kumi za mdomoni zinaweza kuwa sita au ishirini. Macho ya mtunza saa yawe kwenye saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde, siyo kwa mgonjwa.

Wakati wa kusimama tafuta mambo mawili. La kwanza, ukuta wa ateri unasukumwa nje na kurudi, kwa mpangilio, bila mtu kumgusa mgonjwa? La pili, ukibonyeza probu taratibu, ateri inabaki duara au inalala? Hili la pili ni zuri sana na halijulikani vya kutosha. Vena hulala kwa kubonyezwa kidogo tu, kama mpira wa baiskeli uliotolewa upepo. Ateri yenye shinikizo hukataa. Ikiwa mishipa yote miwili imelala pamoja kwa nguvu ndogo ileile, ndani ya ateri hakuna kitu cha kuishikilia, na mikono irudi kifuani hata kama monita ya umeme wa moyo inachora mistari mizuri. Bonyeza mara moja tu, sekunde mbili za mwisho za video. Ukianza kwa kubonyeza utaua mtikisiko uliokuja kuutafuta.

Yanayodanganya ni machache, lakini ni yaleyale kila mara. Ambu ikibanwa wakati wa kusimama, mapafu yanavimba na kila kitu shingoni kinahama. Ndiyo maana mwenye ambu anaambiwa aache. Mkono unaotetemeka hufanya ukuta wa ateri uonekane unapiga: ukiona picha nzima inacheza, ngozi na misuli pamoja, hilo ni tetemeko lako. Mapigo ya kweli huisogeza ateri peke yake. Na mgonjwa anayetweta pumzi za mwisho hukaza misuli ya shingo, ateri ikaburuzwa bila kupanuka. Tazama upana wake, siyo mahali pake.

Dopla ya rangi inavutia macho lakini ina mtego. Dopla husoma damu inayokuja au kwenda kwenye probu. Probu ikisimama wima kabisa juu ya ateri, damu inapita kwa pembe ya nyuzi 90 na mashine haioni kitu, ingawa mtu ana mapigo. Inamisha probu kuelekea kichwani au kifuani mpaka rangi itokee, na ufanye hivyo mapema, mikono ikiwa bado kifuani. Shusha kipimo cha kasi, la sivyo damu ya polepole haitapakwa rangi. Wanaopima kasi kwa mawimbi wajue kwamba ile alama ya sentimita 20 kwa sekunde, inayoendana na shinikizo la juu la 60 au zaidi, ilipatikana kinenani. Msiipeleke shingoni. Kwa anayeanza, tunashauri picha ya kawaida na kubonyeza, Dopla ije baadaye.

Shingo ikiwa na kola ya kuizuia isisogee, kama kwa abiria wa bodaboda aliyeanguka, nenda kinenani, katikati ya mkunjo wa paja. Huko ateri iko upande wa nje na vena upande wa ndani, kinyume cha shingoni. Na usilegeze kola ili upate picha.

Mkiwa wawili tu, acheni ultrasaundi. Wakiwa watatu, pia tungeacha, labda mmoja wao awe hodari kweli. Mmoja kifuani, mmoja kwenye ambu, mmoja wa dawa na saa: hakuna mkono uliobaki. Mtu wa nne ndiye wa probu, na asiwe kiongozi. Kiongozi anayeshika probu huacha kuongoza, anaganda kwenye kioo, na dakika ya adrenalini inapita bila mtu kuiona.

Ukishapata jibu la shingo, kusimama kunakofuata kunaweza kutumika kuutazama moyo wenyewe kutoka chini ya kidari, kwa utaratibu uleule: probu iwekwe kabla, video ya sekunde sita, mikono irudi. Swali moja kwa kila kusimama. Kuna maji yaliyouzunguka moyo? Moyo unajikunja, au ni vali tu zinazopepea? Vali kupepea na damu kuzungukazunguka siyo kujikunja. Msuli wenyewe lazima unenepe na kusogea ndani. Wakati mwingine monita inaonyesha mstari karibu bapa na kumbe msuli unatetemeka kama jeli. Huo ni mtetemo unaohitaji mashine ya kushtua moyo kama ipo. Chumba cha moyo cha upande wa kulia kikiwa kikubwa, usikimbilie kusema ni bonge la damu mapafuni. Moyo uliosimama kwa sababu nyingine yoyote unaweza kuvimba upande huo.

Tuseme sasa video imeonyesha ateri inapiga na kukataa kulala. Acheni kukandamiza, pimeni shinikizo la damu papo hapo, hesabuni pumzi, na probu ibaki palepale shingoni, kwa sababu wengi huanguka tena ndani ya dakika chache na kidole kitachelewa kujua. Ikiwa moyo unajikunja kwa udhaifu na ateri inanyweanywea lakini hakuna mapigo ya kupapasa, endeleeni kukandamiza, huku mkijua mnatibu mshtuko mzito wenye chanzo kinachotafutika: damu iliyopotea, hewa iliyobana pafu, maji kwenye mfuko wa moyo. Kwa mama wa wodi ya uzazi maana yake ni damu, dripu kubwa mbili na mkono kwenye mji wa mimba sasa hivi. Huyu ndiye ambaye ultrasaundi humwokoa zaidi.

Na kama hakuna kinachosogea? Utafiti mkubwa wa mwaka 2016, hospitali 20 za Marekani na Kanada, wagonjwa 793 ambao monita haikuonyesha mdundo unaotibika kwa mashine ya kushtua moyo, ulikuta kwamba ambao moyo haukusogea waliotoka hospitali wakiwa hai ni asilimia 0.6, na ambao ulisogea ni 3.8. Tofauti ni kubwa, lakini 0.6 siyo sifuri. Miongozo ya Marekani ya mwaka 2020 inashauri ultrasaundi isitumike kuamua nani hatapona wakati CPR, yaani kukandamiza kifua na kupuliza hewa, inaendelea, na ile ya Ulaya ya mwaka 2021 inataka ishikwe na aliyefunzwa tu, bila kurefusha kusimama. Kwa hiyo moyo uliotulia kwenye kioo ni hoja mojawapo, pamoja na muda uliopita, chanzo na hali ya mgonjwa kabla. Usigeuze kioo kumwonyesha ndugu aliyesimama mlangoni kama ushahidi. Mwite kando, mwite "ssebo" (bwana) au "nnyabo" (bibi) kwa heshima yake, na umweleze kwa maneno.

Kwa watoto wachanga shingo ni fupi na probu haikai. Tazama moyo moja kwa moja, na kumbuka kwamba mapigo yakibaki chini ya 60 kwa mtoto aliyepauka, ingawa amepewa hewa vizuri, kifua kinahitaji kukandamizwa hata kama mapigo yanaonekana. Kwa aliyezama ziwani, pumzi kwanza. Probu isitolewe mfukoni kabla kifua hakijainuka kwa hewa.

Mazoezi yafanyike shingoni kwa mwenzako, hata wakati wa kusubiri chai. Lengo ni ateri katikati ya kioo kwa sekunde tano, kulia na kushoto. Ukifika hapo, mwenzako atikise kitanda kwa mwendo wa kukandamiza, nawe ushikilie picha dakika mbili nzima. Usimbonyeze mtu aliye hai pande zote mbili za shingo kwa pamoja, na usimkazie hata upande mmoja. Kisha fanyeni zoezi la timu kwa mto badala ya mgonjwa, mtu mmoja akiwa na saa, na muandike ukutani kila kusimama kulichukua sekunde ngapi.

Probu nyingi za kuunganishwa na simu hupata joto zikitumika mfululizo, na zikizidi zinajizima. Kati ya kusimama kumoja na kingine gandisha picha. Programu nyingine hudai uingie tena kwa nenosiri na intaneti kila baada ya muda; fanya hivyo Jumatatu asubuhi, siyo mgonjwa akiwa mezani. Probu na simu vilale kwenye chaja kila usiku umeme unapokuwepo, kwa sababu umeme hautangazi safari. Jeli ikiisha, maji safi yanatosha kwa sekunde kumi. Baada ya kazi futa damu kwa kitambaa chenye maji na sabuni, kisha dawa iliyotajwa kwenye kijitabu cha probu hiyo. Jiki kali na spiriti hupasua ngozi ya mpira ya probu nyingi, na nyufa huanzia pembeni, pale usipotazama.